Nani Ana Mwiko?

Kinyozi alikuwa amefika nyuma ya sikio la mteja pale aliposikia mkewe anaimba redioni.

Kwanza hakuamini. Alizima mashine ya kunyolea, akageuza shingo kuielekea redio iliyokaa juu ya kabati la taulo. Ngoma ilikuwa nzito, kama mtu anagonga mlango kwa kiganja, halafu ikakatika ghafla. Katikati ya kimya kile ikatoka sauti ambayo kinyozi alikuwa akiamshwa nayo kila asubuhi tangu alipooa: "Nani ana mwiko? Jamani, nani ana mwiko? Mwenzenu nimebanwa." Ngoma ikarudi. Msichana akaanza kufoka maneno mbio mbio, na sauti hiyo ya pili nayo kinyozi aliijua, maana ilianza kulia mikononi mwake.

"Fundi, umeniacha nusu," mteja alisema.

"Tulia."

"Nitulie vipi na upande mmoja una nywele?"

"Nimesema tulia. Huyo ni mke wangu."

Mteja aligeuka na kitambaa chake shingoni. "Mkeo mwanamuziki?"

"Mke wangu anashona suruali za shule."

"Basi ndiye hasa. Vijana wa gereji wanaupiga wimbo huu tangu juzi, mpaka spana zinacheza. Kuna kiwanda huko, wanawake wakitaka kwenda chooni wanavaa mwiko shingoni. Hebu fikiria. Mtu mzima na heshima zake."

Kinyozi hakuhitaji kufikiria. Habari hiyo alikuwa ameisikia mezani kwake mara nyingi, na kila mara alicheka. Katika kiwanda kile choo cha wanawake kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, umefungwa kwa kamba kwenye mwiko mrefu wa kupikia, ule wa masufuria makubwa. Wakubwa walisema ni ili ufunguo usipotee. Ukweli ni kwamba walitaka anayekwenda aonekane kutoka kila pembe ya ukumbi. Unayetaka kwenda, unauvaa. Ukiukosa, unangoja. Kwa hiyo siku nzima, juu ya makelele ya vyerehani, mwanamke huyu au yule huinua kichwa akauliza nani ana mwiko. Mke wa kinyozi ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, na jioni akirudi aliigiza mambo yote katikati ya chumba, mkono mmoja tumboni, magoti yamebana, mpaka mumewe na bintiye wanashika mbavu.

Simu ya binti ilikuwa mezani. Mzazi unayesoma haya, ukiona simu ya mwanao imelala kifudifudi juu ya meza, usidhani imelala.

Jioni ile kinyozi alifunga banda mapema. Nyumbani alimkuta binti amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatikisa kichwa na kuandika kwenye simu. Alikuwa amemaliza shule na sasa anangoja kazi isiyokuja, na katika kungoja huko wenzake walimpa jina la Sindano, kwa sababu maneno yake yalikuwa madogo na yanachoma. Kinyozi mwenyewe aliwahi kujisifu kwa wateja: "Kwangu wote ni mafundi. Mama anashona, mimi nachana nywele, mtoto anachana mistari." Leo hakujisifu.

"Umemweka mama yako redioni."

Sindano aliruka kutoka kwenye ndoo. "Wamepiga? Redio gani? Wimbo wote au nusu?"

"Hilo si jibu."

"Baba, wamepiga wote?"

"Wote," kinyozi alisema, na hakuweza kujizuia. "Halafu mtangazaji akaurudisha mwanzo."

Binti alimrukia shingoni. Akamzungusha, naye kinyozi akajikuta anazungushwa, viatu vinaburura mkeka. Hivyo ndivyo mama alivyowakuta alipoingia, mkoba begani, vipande vya uzi mweupe vimeganda kwenye nywele.

"Kuna nini?" uso wake ukachangamka. "Mtoto amepata kazi?"

Sindano akamkabidhi simu.

Mama alisikiliza akiwa amesimama. Mwanawe alikuwa anafoka kuhusu suruali, kuhusu mlango, kuhusu watu wazima:

*Anashona suruali ya mwanao aende shule,*
*Yeye akibanwa anaambiwa ngoja, mwenzako yuko kule.*
*Shingoni mwiko, kama mbuzi na kengele,*
*Mtu mzima anapita, vijana wanapiga kelele.*
*Mwiko wa jikoni umekuwa mwiko wa kusema,*
*Leo nausema, bosi, hata kama utahema.*

Kilipofika kiitikio, alikaa kitandani.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe, mama."

"Nimebanwa."

"Ndiyo."

"Nimebanwa, redioni, mchana kweupe, na watu wanakula."

Kinyozi aliangalia ukutani asicheke.

"Jina lako sikulitaja," Sindano alisema. "Wala kiwanda sikukitaja."

"Sauti si jina? Nikikuita kutoka barabarani hujaniona uso, utauliza ni nani?"

"Mama, wewe mwenyewe ulisema mnadhalilishwa."

"Nilisema hapa. Nilisema nikicheka. Ningetaka kusema kule, mdomo ninao, ningesema kule. Wewe umechukua kicheko changu ukakipeleka kwa watu kama malalamiko."

"Lakini ni malalamiko."

Mama alianza kutoa nyuzi kwenye nywele, moja moja, akiziviringisha kwenye kidole.

"Ufute."

"Haufutiki, uko kwenye simu za watu."

"Basi nikifukuzwa, chumba hiki utakilipia kwa mistari? Mwenye nyumba akigonga utamfokea?"

Sindano aliinamisha kichwa. Ila furaha ya kijana ni kama kikohozi, haifichiki. "Na Jumamosi wananiita studio," alisema polepole, akionyesha kwa kidole ujumbe wa redio ulioingia sasa hivi kwenye simu. "Nihojiwe. Moja kwa moja, hewani."

"Jumamosi utafua," mama alisema.

Kesho yake mama aliingia kiwandani ameshusha kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi. Hakumsalimu mtu kwa sauti. Alikaa kwenye cherehani chake cha dirishani na kuamua mambo mawili: hatanywa chai, ili asiuhitaji mwiko, na hatasema neno lolote ambalo haliwezi kunong'onwa.

Jirani yake wa cherehani cha pili, Mama Pacha, alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Leo umemeza ulimi?"

"Koo linaniuma."

"Mh. Limeanza kuuma baada ya kurekodi?"

Sindano ya cherehani ilipita karibu na kidole chake.

"Usitetemeke hivyo, utajishonea kucha," Mama Pacha alisema. "Tunajua wote. Nani humu hajui sauti yako? Wanangu wameusikia wakasema, mama, si yule shangazi wa dirishani?"

"Wakijua wao watajua na wengine."

"Wakijua, watajua. Lakini dada, huyo mtoto wako. Pale aliposema mbuzi na kengele, mimi nilikuwa napika, nikaacha sufuria nikakaa chini. Ni mimi kabisa."

Ndipo mama alipoanza kusikia. Kwanza alidhani ni masikio yake. Mguu wa mmoja ulikanyaga pedali, ukaachia, ukakanyaga mara mbili. Wa pili akafuata. Kutoka meza ya mifuko hadi meza ya zipu, vyerehani vikaanza kukimbia pamoja na kusimama pamoja, ngoma ileile, na vilipofika mahali pale pa kimya vikanyamaza vyote. Ukumbi mzima ukawa kimya hivi kwamba unaisikia feni. Katika kimya kile wanawake wakanong'ona, vichwa vimeinama kwenye nguo kama watu wema: "Nani ana mwiko?" Kisha pedali zikarudi zote kwa pamoja, na meza zikatetemeka.

Mama aliogopa mpaka akahisi baridi, na hapohapo alitaka kucheka. Aliutazama mguu wake mwenyewe. Ulikuwa unakanyaga na wenzake bila kumwomba ruhusa.

Msimamizi alipotokea mlangoni, kila cherehani kikarudi kwenye makelele yake. Walimwita Madamu. Alikuwa kijana kuliko wengi wao, na miaka ya nyuma alikaa kwenye meza ya zipu na kuuvaa mwiko huohuo, ila tangu apewe meza yenye kioo hakupenda kukumbushwa. Siku hiyo alipita katikati ya safu taratibu, akisimama nyuma ya mgongo wa huyu na wa yule. Shule iliyoagiza suruali ilikuwa imepiga simu. Wazazi walikuwa wamemuuliza mwalimu mkuu kama ni kweli nguo za watoto wao zinashonwa na wanawake wanaofungiwa choo. Mwalimu mkuu alimuuliza mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda alimwambia Madamu kwamba anataka jina la mtu mmoja.

Ijumaa asubuhi mwiko haukuwepo kwenye msumari wake.

Walipouliza, Madamu alisema umewekwa ofisini kama ushahidi, usiguswe. Hadi kabla ya chakula cha mchana hakuna aliyekuwa amekwenda. Kisha wakaambiwa wazime vyerehani wapange mstari mbele ya meza ya kukatia vitambaa. Nyuma ya meza alikaa mwenye kiwanda, mtu mnene mpole wa uso, na simu yake imesimamishwa kwenye kopo la vifungo.

"Sina ugomvi na nyie," alisema. "Kuna mtu mmoja ametuharibia jina. Mtasema maneno haya, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida." Akabonyeza simu. *Nani ana mwiko? Jamani, nani ana mwiko? Mwenzenu nimebanwa.*

Wa kwanza alikuwa mama wa meza ya vifungo, mtu mzima asiyependa mzaha. Alikohoa. "Nani ana mwiko," alianza vizuri, kisha sauti ikapanda yenyewe na kushuka yenyewe, "jamani, nani ana mwiko—"

"Usiimbe. Sema."

"Nasema, bosi."

"Unaimba."

"Ndivyo yanavyotoka."

"Anayefuata."

Anayefuata naye akaimba. Na wa baada yake. Hawakuwa wamepanga, na hilo ndilo lililomchanganya mwenye kiwanda, kwa sababu aliona kwenye nyuso zao kwamba wanajitahidi kweli. Wimbo ulikuwa umeyaingia maneno yale kama rangi inavyoingia kitambaa. Huwezi tena kuichuja ukabaki na cheupe. Mama Pacha alifumba macho, akakunja ngumi, akasema neno moja moja kama anavuka mto juu ya mawe, na alipofika "nimebanwa" mabega yakacheza. Mtu alicheka nyuma. Kisha watatu. Mwenye kiwanda alijifuta shingo.

Mama alikuwa karibu na mwisho wa mstari. Laiti angeimba kama wenzake, angepotea kati yao kama punje katika gunia zima. Mtu aliyetulia angeliona hilo. Lakini yeye alikuwa na hofu tangu juzi, na tangu juzi alikuwa anajizoeza sauti nyingine. Zamu yake ilipofika alisimama wima, akatazama kopo la vifungo, na kusema kwa sauti nyembamba, iliyonyooka kama uzi, kama mtoto anayesoma ubaoni:

"Nani ana mwiko. Jamani nani ana mwiko. Mwenzenu nimebanwa."

Vicheko vilikatika. Mama Pacha alifumba macho tena.

"Huyu siye," mwenye kiwanda alisema. "Anayefuata."

"Ngoja, bosi," Madamu alisema. Hakumtazama mama. "Huyu ndiye anayesikika hadi getini akiita uzi mweupe. Leo ana sauti ya kifaranga. Kwa nini?"

Mwenye kiwanda alimpima mama kwa macho, taratibu, kisha akaongea kwa upole.

"Mama, wewe ni fundi mzuri. Sikutaki wewe. Namtaka huyo msichana anayefoka, polisi wamuulize anajua nini kuhusu kiwanda changu. Nitajie jina lake, halafu rudi kwenye cherehani chako. Hapa hapa, na yameisha."

Mama alikiona cherehani chake pale dirishani, suruali imelala juu yake mguu mmoja umeshonwa, mmoja bado. Alimwona mumewe na kiti chake cha kunyolea kisicho na mtu siku za katikati ya wiki. Alimwona Sindano juu ya ndoo. Na kilichomjia kinywani kilikuja na sauti yake yote, ile ya getini.

"Kuhusu kiwanda chako hajui kitu, hajawahi hata kukanyaga hapa. Anayejua ni mimi. Msichana ni mwanangu, maneno ni yangu, na hapa niliposimama nimebanwa tangu asubuhi."

Ukumbi ulilipuka. Miguu ilianza kupiga sakafu, ngoma ileile, bila pedali. "Nani ana mwiko?" waliuliza, safari hii wakimwuliza mtu.

"Kwani uko wapi?" mwenye kiwanda alimgeukia Madamu.

"Ofisini. Ulisema usiguswe."

"Tangu asubuhi hawajakwenda?"

"Bosi, ulisema usiguswe."

Mwenye kiwanda alisimama, na kwa kuwa hakuwa na la kuwaambia wote, alimwambia mmoja. "Chukua mkoba wako. Usirudi."

Mama alichukua mkoba. Miguu ilimsindikiza hadi getini, na nje bado aliisikia, ukuta mzima ukidunda. Alitembea haraka mpaka kituo cha mafuta, akaomba choo, akaonyeshwa mlango ulioegeshwa tu. Humo ndani alilia. Alipokuwa anajifuta aligundua anacheka pia, na hakujua kipi kilianza.

Nyumbani, mama alipowasimulia, Sindano alipiga magoti kwenye mkeka. "Nitakwenda kumwomba bosi wako msamaha. Kesho hiyohiyo. Redioni siendi."

"Utakwenda," mama alisema.

"Siendi, mama. Nimekuponza."

"Umeniponza, ndiyo. Umenitoa kazini kwa wimbo. Ukiuacha njiani sasa utakuwa umenitoa bure. Lakini tunakwenda wawili, nisikie unachosema kabla hakijawafikia vijana wa gereji."

"Na mimi?" kinyozi aliuliza.

"Wewe fungua banda. Kuna mtu huko mtaani ana nywele upande mmoja."

Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai. Mtangazaji, kijana mwenye kofia, alimwita mama "mama mzazi" na kumvutia kiti. Sindano alifoka mistari yake moja kwa moja, amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, na kilipofika kile kimya akamtazama mama. Mama alisema maneno yake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe. Nyuma ya kioo, fundi mitambo aliruka kwenye kiti.

Simu zilimiminika. Msichana wa dukani alisema kwao hakuna mwiko, kuna saa ya ukutani na mtu wa kuitazama. Dereva wa lori alisema amesimama kando ya barabara asikilize vizuri. Mtangazaji alimuuliza mama ana neno gani kwa wazazi.

"Kwa wazazi, angalieni mnachosema mbele ya simu," mama alisema. "Kwa watoto, mkitaka sauti ya mama, muombe. Mimi ningeogopa, ningekataa siku ya kwanza na ya pili. Labda ya tatu ningekubali. Lakini ningekuwa nimejiandaa, nisingesimama mbele ya watu nikalia kama kifaranga. Na wanaofungia watu wazima vyoo, hao hata sijui niwaambie nini. Wakae wenyewe siku nzima bila kwenda."

Mtangazaji alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akapokea simu nyingine.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kujibanabana, kama mtoto anayemwigiza bibi yake.

"Mimi ni msikilizaji tu, jina sina. Nilitaka kusema kwamba mlango ule hauna kufuli tangu jana jioni. Wanawake walikataa kukaa kwenye vyerehani, na shule nayo ikapiga tena. Mwiko umepelekwa jikoni."

Sindano aliushika mkono wa mama chini ya meza, akauminya.

"Kingine," sauti iliendelea, "cherehani cha dirishani hakijapewa mtu. Mwenyewe akija Jumatatu, getini hatazuiwa. Mwenye mali amekubali. Ila hataki kusalimiwa."

Mama alikuwa ameijua sauti hiyo tangu neno la pili. Aliijua ilipokuwa meza ya zipu, ikiomba mwiko kwa aibu, na aliijua jana, ikisema ngoja, bosi. Jina lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Maikrofoni ilikuwa mbele yake, na mji mzima unasikiliza.

"Mama mzazi," mtangazaji aliinama, macho yanang'aa, "sauti hiyo unaitambua?"

Upande wa pili wa simu mtu alikuwa anapumua.

"Siitambui," mama alisema. "Lakini mwambieni anywe maji ya moto. Kuongea hivyo kunaumiza koo."